Kompyuta Yetu Kwenye Sebule ya Watu

Mtaani walimwita Redio, na yeye hakulichukia jina hilo. Kazi yake ilikuwa kusuka nywele, saluni yake ilikuwa sebule yake mwenyewe, na mtu akishakaa kwenye kile kigoda, kichwa kikiwa kimeshikwa, hana pa kukimbilia: atasimuliwa, na yeye atasimulia. Habari iliyoingia kwa Redio watu wakiwa bado wanakunywa chai ilikuwa imefika kona ya mwisho ya mtaa kabla sufuria za mchana hazijainjikwa. Hakuwa na roho mbaya. Habari zilimwasha ulimini tu, akizishika sana anaungua, basi anazitema.

Nyumba yenyewe haikukaa kavu bila watu. Anayesukwa, anayesubiri kusukwa, anayemsindikiza anayesubiri, na aliyekuja kuomba sindano akasahau kuondoka. Katikati yao alikaa mama mkwe wake kwenye kochi lake, macho kwenye mpira. Bibi yule alikuwa anajua majina ya makipa kuliko majina ya wajukuu zake.

Mpira huo aliuangalia kwenye kompyuta. Zamani walikuwa na dude kubwa chini ya meza, linanguruma kama mashine ya kusaga na kupasha joto miguu ya wateja. Dude lilipokata roho, mume wa Redio, karani wa malalamiko katika ofisi ya maji, alirudi nyumbani na kiboksi cheusi kinachoenea kwenye kiganja.

"Hiyo chaja nimeiona," mama yake alimwambia. "Kompyuta yenyewe umeiacha wapi?"

"Ndiyo hii, mama."

Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Mume akakipachika kile kiboksi nyuma ya runinga kubwa ya ukutani, akachomeka nyaya mbili, akaweka kibodi na kipanya visivyo na waya juu ya kijimeza, na runinga ikageuka kompyuta mbele ya macho yao. Alieleza mara ya kwanza kwamba runinga ni kioo tu na akili yote iko kwenye kiboksi. Akaeleza mara ya pili. Baadaye akaacha, maana nyumba nzima ilikuwa imeshakata shauri: kompyuta ni ile kubwa iliyo ukutani, na kiboksi ni chaja yake.

Waliipenda. Haikupiga kelele, haikula umeme, haikudai meza. Jioni watoto waliandika kazi za shule, bibi aliangalia mpira wake, mume alilipa bili na kujibu barua. Redio aliweka humo picha za mitindo yote aliyowahi kusuka, ndani ya folda iliyoitwa Nywele za Wateja, ili mtu asije akasema alitaka hivi akasukwa vile. Na kila ilipowashwa, kabla ya yote, ilitokea picha ya Redio mwenyewe amejaza kioo kizima, kilemba kimemlala upande, mdomo wazi kwa kicheko, jino la nyuma linaonekana. Alimwomba mumewe aitoe, akamwomba tena. Mume akasema kila kitu watagusa, si hiyo.

Ilikuwa na kasoro moja. Jumanne na Alhamisi mchana haikukubali kuwaka. Mteja anataka kuona mtindo, Redio anabonyeza na kubonyeza, kioo kinaandika kwamba hakuna kilichounganishwa, basi.

"Siku hizo mtandao unasumbua," mume alisema. "Msihangaike nayo. Jioni inakaa sawa."

Na kweli jioni ilikaa sawa. Mama mkwe akapata utani wake: "Msusi mzima, unasusiwa na kompyuta." Wateja wakacheka, Redio naye akawasusa kidogo, maisha yakaendelea.

Alhamisi hiyo alipigiwa simu na binti asiyemfahamu, aliyeona picha za kazi yake kwa rafiki. Binti alitaka kusukiwa kwao, mtaa wa mbali kidogo, upande wa pili wa reli. Mchana ule mume alikuwa tawi la pili la ofisi ya maji, ndiko alikosema anakwenda kila Jumanne na Alhamisi. Mke wa meneja wa ofisi hiyo hiyo, mteja wake wa siku nyingi, alikuwa na miadi ya jioni. Redio akaona nafasi ipo. Akafunga kilemba, akatia machanuo na uzi kwenye mkoba, akamwachia bibi nyumba.

Lango lilikuwa la bati la kijani. Binti, msichana mkubwa mwenye nywele zilizofumuliwa tayari, alimfungulia, akamwambia apite moja kwa moja, yeye anarudisha komeo. Redio akapanda kibaraza, akasukuma mlango ulioegeshwa, akaingiza kichwa.

Akajiona.

Alijiona ukutani, kwenye runinga ya watu asiowajua, mdomo wazi, kilemba upande, jino la nyuma nje. Chini ya kidevu chake kulikuwa na folda yake, Nywele za Wateja, na kando yake faili za shule za wanawe, zimepangwa vile vile, na ile njano ya mtoto mdogo iliyoandikwa kwa kukosewa. Kilichozidi ni ukubwa. Herufi zilikuwa zimevimba, kubwa kama za mabango ya barabarani.

Alirudisha kichwa nje polepole, kama mtu aliyefungua bafu akakuta lina mwenyewe. Wazo la kwanza lililomjia ni kwamba wameibiwa. Akatoa simu, akampigia mama mkwe.

"Mama, kompyuta ipo?"

"Ipo."

"Umeiona kwa macho?"

"Naitazama hapa ukutani. Imesusa. Kwani leo si Alhamisi?"

Redio akakata simu. Kama ile ya nyumbani ipo, basi hii ni ya pili. Kompyuta mbili, za sura moja, zenye mafaili ya namna moja. Mwanamume mwenye nyumba mbili hununua vitu viwili viwili, hilo aliwahi kulisimulia yeye mwenyewe kigodani kuhusu mume wa mtu: vitanda viwili, pasi mbili, mapazia ya kitambaa kimoja. Lakini mwanamume gani anapeleka picha ya mke mkubwa akaitundike kwenye sebule ya mke mdogo? Hapo akili yake ikakwama. Miaka yote ya kubeba habari za watu, hiyo hakuwahi kuisikia.

Akainamisha macho, na macho yakatua kwenye viatu vilivyovuliwa mlangoni. Vya kahawia, kisigino cha kulia kimelika upande. Asubuhi ile ile alikuwa amevipaka rangi kwa mkono wake.

"Dada, mbona umesimama?" Binti alikuwa amefika nyuma yake. "Ingia, usiogope. Mama ana mwanafunzi."

Akaingia, maana hakuwa na nguvu ya kukataa. Kutoka mlangoni alikuwa ameona runinga tu. Sasa akaona kiti chenye mgongo mrefu kilichoielekea, na kwenye kiti, mume wake. Ameketi wima, mikono juu ya kibodi, na macho yamefungwa kwa kitambaa cheusi kilichokazwa kisogoni. Pembeni yake, kwenye kigoda, mwanamke wa makamo aliyesuka nywele zake mwenyewe njia mbili, naye uso ameuelekeza kwenye ukuta mtupu. Macho yake yalikuwa wazi, hayaangalii kitu.

Kompyuta ikasema. Ilikuwa sauti ya chuma, inayotamka Kiswahili kama mgeni aliyeshuka jana: "Folda. Nywele. Za. Wateja."

"Umechungulia," mwanamke akasema.

"Sijachungulia, Mwalimu."

"Umechungulia chini ya kitambaa, ukagusa kipanya. Nimekisikia. Kipanya ni cha wenye macho. Sisi vidole na masikio. Rudia." Kisha akageuza shingo kuelekea mlangoni. "Nani ameingia?"

Mume naye akageuza uso wake uliofungwa, akamwelekea mkewe. Zilikuwa hatua chache tu kati yao. Redio alishika pumzi.

"Msusi wangu, mama," binti akasema.

"Karibu, mwanangu," Mwalimu akasema.

Redio akafungua mdomo kujibu, akaufunga. Neno moja tu, mume angemjua. Hata kikohozi chake kilijulikana mtaa mzima. Basi akaitikia kwa kichwa. Akaitikia tena, kwa adabu zaidi, akakunja na goti, mbele ya watu wawili ambao hakuna aliyekuwa anamwona.

"Msusi wako bubu?"

Binti alikuwa hajasikia. Alikuwa anaangalia runinga, kisha anamwangalia Redio, kisha runinga. Rangi ya kilemba ilikuwa ile ile. Redio akaweka kidole midomoni, na macho yake yakaomba kama mtu aliyeshikiwa kisu.

"Ana aibu, mama," binti akasema mwisho. "Hapendi kuongea."

"Afadhali," mume wa Redio akasema. "Nyumbani kwangu msusi wa namna hiyo angeletwa watu wamwangalie."

Mwalimu akacheka. Redio akapita nyuma ya kiti, karibu kiasi cha kusikia harufu ya sabuni yake kwenye shati, akaingia chumba cha pili na binti, wakaacha mlango wazi kidogo.

Akaanza kusuka. Mikono ilijua kazi hata kichwa kilipokuwa kimehama. Binti alinong'ona, "Dada, yule baba..." na Redio akamnong'oneza sikioni, "Mume wangu. Nyamaza tu, mwanangu," na binti akanyamaza, mabega yake yamekakamaa kama aliyekalia sindano.

Kutoka sebuleni maneno yalikuja mazima.

"Ungeniachia hicho kiboksi hapa," Mwalimu alisema. "Unakibeba kwenye mfuko na chombo cha chakula, siku moja kitamwagikiwa mchuzi."

"Kompyuta ya nyumbani ni hiyo hiyo, Mwalimu. Nikiiacha, jioni watoto hawaandiki na mama yangu hana mpira. Na kazi zangu zote zimo humo."

"Hawaulizi mchana inakwenda wapi?"

"Wanakiona kioo ukutani, wanajua ipo."

Chanuo lilimponyoka Redio. Akaliokota. Kumbe kweli chaja ndiyo kompyuta. Kumbe kila Jumanne na Alhamisi wamekuwa wakibonyeza kioo kitupu na kukitukana, kompyuta yao ikiwa imetoka na baba kama mtoto anayepelekwa kliniki, ikirudi naye jioni.

"Daktari amesemaje safari hii?"

"Yale yale. Yanakwenda. Polepole, lakini yanakwenda, na hayarudi. Hivi sasa naona katikati, pembeni giza. Kama mtu anayeangalia kupitia bomba."

"Na kazini?"

"Kazini hawajui. Mwisho wa mwaka wanapanga watu upya. Nikiweza kufikia hapo nasoma na kujibu malalamiko kwa masikio, haraka kama nilivyokuwa nikijibu kwa macho, nitaingia kwa meneja mimi mwenyewe, nifunge kitambaa mbele yake, nimwonyeshe. Wakisikia kabla hawatanipima. Watanipa pole, na juu ya pole barua ya kuachishwa kazi."

"Mkeo amelipokeaje?"

Binti akageuza macho kumtazama Redio.

"Sijamwambia."

"Kwa nini? Hakupendi?"

"Ananipenda kupita kiasi. Nikimwambia asubuhi, atalia mbele ya mteja wa kwanza. Mteja wa pili ni mke wa meneja."

Redio aliendelea kusuka. Alisuka mstari mzima bila kujua ameusuka. Machozi hayakuja. Kilichokuja ni yale mambo: chai iliyomwagwa mezani kila siku, mtoto aliyekanyagwa akiwa amekaa chini, mlango wa kabati uliompiga baba kwenye paji la uso. Yote hayo alikuwa ameyasimulia kigodani kama vichekesho. "Mume wangu siku hizi anapigana na milango," alisema, na akawaonyesha kwa vitendo, akajigonga kwenye fremu, na watu wakashika mbavu. Mke wa meneja alicheka kuliko wote.

Mumewe alipomaliza alichomoa nyaya mwenyewe, akakifunga kiboksi kwenye taulo dogo, akakiweka mfukoni. Redio alimwangalia kupitia pazia. Alivuka ua kwa mwendo wake wa kawaida, lakini alipofika kwenye kizingiti cha lango alisimama, akatanguliza mguu, akapapasa kwa ncha ya kiatu kama anayepima maji, ndipo akavuka. Hapo Redio akakaa chini sakafuni, chanuo mkononi, na binti akamshika bega.

Alimaliza kichwa cha yule binti bila kutoa habari hata moja. Hilo lilikuwa halijawahi kutokea tangu ashike uzi.

Aliporudi kwake alikuta nyumba imejaa, lakini imejaa vibaya. Hakuna anayeongea. Mama mkwe yuko kochini, kioo cheusi mbele yake. Mke wa meneja yuko kigodani, amekwisha kufumua nywele nusu, nusu bado. Na jirani wa Redio, fundi wa kushona mapazia, rafiki yake wa kufa na kuzikana, amesimama na futi yake shingoni na makasi mfukoni, macho yanamng'aa kwa huruma. Redio aliyajua macho hayo. Ni macho yake mwenyewe akiwa na habari mbichi.

"Kaa kwanza, mwenzangu," fundi mapazia akasema.

"Nimekaa siku nzima. Sema."

"Baba watoto leo yuko wapi?"

"Tawi la pili."

Fundi mapazia akamwangalia mke wa meneja, mke wa meneja akaangalia kucha zake. "Redio," akasema taratibu, "tawi la pili halipo. Mume wangu ndiye aliyelifunga, mwaka jana."

Kila mlango aliofikiri ni wa nyumba yake siku ile ulikuwa ukifunguka kwenye chumba kisichokuwepo.

"Nilikwenda kupima madirisha upande wa pili wa reli," fundi mapazia akaendelea. "Nimemwona kwa macho yangu anaingia lango la kijani. Na Jumanne nilimwona. Msichana ndiye anayemfungulia. Mdogo, mzuri, nywele zimefumuliwa. Nilitaka nimeze, mwenzangu, lakini wewe ni mimi."

"Labda kuna maelezo," mke wa meneja akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetamani maelezo yasiwepo. "Kwa sababu kazini kwao ameomba ruhusa ya mchana, siku mbili kwa wiki. Kasema anauguza mtu nyumbani. Mume wangu akampa, kwa ubinadamu. Sasa mimi najiuliza, hapa nyumbani anayeumwa ni nani?"

Wote wakamgeukia bibi.

"Mimi siumwi," bibi akasema. "Msiniite ugonjwa."

Redio akaona yote kwa mara moja, kama mtu aliyewashiwa taa ghafla. Akisema ukweli, mume wake hana hawara, jina lake ni safi, na kesho asubuhi hana kazi. Akinyamaza, ana hawara, amemdanganya meneja, na kesho asubuhi hana kazi. Yeye anaijua habari. Habari ikishatolewa nusu, watu hawalali mpaka wapate nusu ya pili, na wasipopewa wanajishonea wenyewe. Lazima wapewe. Na lazima iwe tamu kuliko hawara, iwe ya kuwashibisha kabisa, wasirudi kuomba nyongeza.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nini?"

"Anayeuguzwa ni mimi."

Fundi mapazia akashika futi kwa mikono miwili. "Unaumwa nini?"

Redio akainua mkono akagusa kilemba chake. Siku za kazi alikifunga tangu alfajiri, na hakuna mteja aliyekuwa ameona nywele zake kwa miezi. Chini yake zilikuwa nene, nyeusi, mali yake ya kwanza duniani.

"Nywele zinatoka," akasema. "Zimekwisha. Nina kipara, kutoka hapa mpaka huku nyuma."

Futi ikamponyoka fundi mapazia.

"Nitakwenda vipi kutafuta dawa ya kipara, mimi, msusi? Nani ataniletea kichwa chake? Kule lango la kijani kuna mama anayetibu. Baba watoto ndiye anayenichukulia dawa, kwa siri, ili mimi nisionekane. Yule binti ni wa mama huyo. Kanificha mume wangu, nanyi mnamvisha hawara." Hapo machozi yakaja yenyewe, machozi ya kweli, ya jambo jingine kabisa, na yakawatosha wote. "Usiku halali kwa mawazo. Ndiyo maana anagonga milango."

Fundi mapazia alikuwa amefungua mdomo na kusahau kuufunga. Mke wa meneja polepole akapeleka mkono kichwani kwake, akazishika nywele zake zilizofumuliwa, akaziangalia vidoleni kama zinazoweza kuanguka. Hakuna aliyethubutu kusema hebu tuone.

Aliyebaki ni bibi. Bibi alimwona mkwewe kila asubuhi anachana. Aliketi na macho yamemtoka, anamtazama Redio, midomo inacheza. Redio naye akamtazama.

"Nilimwambia asiwaambie," bibi akasema mwisho. "Nikasema, mwanangu, onea huruma kazi yako. Sasa mmemlazimisha, mmefurahi?"

"Inaambukiza?" fundi mapazia akauliza kwa sauti ndogo.

"Mwulize daktari," bibi akasema.

Mke wa meneja akasimama. Alikusanya nywele zake, nusu zilizosukwa na nusu wazi, akazifunika kwa mtandio. "Pole sana, Redio. Nitamweleza mume wangu, asije akamfikiria vibaya baba watoto. Nywele tutamalizia siku nyingine." Hakutaja siku ipi. Fundi mapazia alimfuata, akitembea upesi upesi, kwa sababu habari ilikuwa imeanza kumchoma naye, na giza lilikuwa linakaribia.

Walipotoka, bibi akamgeukia mkwewe. "Sijui umefanya nini," akasema, "na sasa hivi sitaki kujua. Nitakwenda kulala kidogo." Akaenda.

Mume alirudi saa yake ya kila siku ya kutoka kazini, mkono mmoja ameshika mfuko wake, na mkono mwingine ameshika chupa ya mafuta ya nazi. Alisimama katikati ya sebule akageuza kichwa huku na huku. Hakuna kicheko, hakuna anayesubiri, kigoda kitupu.

"Watu wamekwenda wapi?"

"Kwao."

"Muuza duka kanipa haya bure," akainua chupa. "Kasema nikupake kutwa mara mbili, na nisikate tamaa. Muuza mkaa kaniambia shangazi yake ziliota tena. Mke wangu, mtaani wanasema una kipara."

"Wanasema hivyo kwa sababu nimesema."

"Umesema wewe?"

"Mimi."

"Kwa nini mtu aseme hivyo juu ya kichwa chake? Wewe kichwa ndiyo duka lako."

"Mke wa meneja aliuliza unamuuguza nani."

Mume alitafuta kochi kwa mkono, akakaa, mfuko mapajani. Uso wake ulibadilika vipande vipande, na Redio akauangalia unavyobadilika, akaona kwamba mumewe ndiye anayeshtuka sasa, na kwamba mshtuko ukigeukia upande wa pili hauna utamu aliodhani unao miaka yote.

"Umejuaje?" akauliza.

"Nilikuja kusuka."

Mume akageuza uso kumwelekea. Kisha akasema polepole, "Yule msusi bubu."

"Yule yule."

"Ulikuwepo. Ukasikia yote."

"Yote."

"Saa zote zile, na hukutoa sauti." Akatikisa kichwa kama aliyeambiwa kuwa mto umepanda mlima. Macho, kazi, kipara, vyote vilikuwa vimempita, lakini hilo likamkalia kifuani. "Hukutoa hata sauti."

"Ungeniambia wewe."

"Ningekuambia, halafu?"

Redio akaipokea ile chupa ya mafuta, akaiweka kando. Akakaa karibu naye. "Meneja ataambiwa na mkewe leo leo. Atakuonea huruma. Mpaka mwisho wa mwaka hatakuuliza kitu."

"Na wateja wako?"

"Sijui."

"Watarudi?"

"Nimesema sijui. Wengine hawatarudi. Mimi nisingerudi."

Mume akaweka mfuko chini. Akanyoosha mkono, akalikuta fundo la kilemba, akalifungua. Nywele zikashuka zote mabegani. Alizishika kwa viganja viwili, akafumba macho, akazipapasa toka shina mpaka ncha, taratibu, kama anayesoma. Redio alitaka kusema neno, akaliacha.

Ghafla mikono yake ikatulia. Akainua kichwa, sikio limeelekea dirishani.

"Funga," akasema. "Kuna mtu getini."

"Sijasikia kitu."

"Funga, mke wangu. Anatembea upesi upesi, na kuna chuma kinagongagonga kama makasi mfukoni."

Redio akazirudisha nywele juu kwa mikono miwili, akazikandamiza, akakaza kitambaa mpaka ngozi ya uso ikavutika. Fundo lilikaa upande. Nje komeo likalia, na hodi ikapigwa.